Siku nzima Grogan: Gari lililopauka na karo ya binti yangu

UKISHUKA matatu katika barabara ya Racecourse, karibu na kanisa la St Peter Claver's, kisha ukageuza uso kuelekea mtoni, pua itakuarifu kwamba umefika kabla ya macho kuona. Harufu ya tina ya kuzimulia rangi, ya chuma kinachochomelewa, ya mahindi yanayogeuzwa juu ya makaa na ya mto Nairobi wenyewe, zote hukujia kwa mpigo mmoja. Halafu masikio nayo hupokea zamu yao: nyundo, honi, makanga, na vijana wanaokuuliza kabla hujatamka neno, "Mzee, unatafuta nini? Taa? Mlango? Saiti mira?" Hapo, msomaji mpenzi, ndipo Grogan.

Kwenye ramani hutaliona jina hilo. Utaona Kirinyaga Road, barabara inayoanzia kwenye mzunguko wa iliyokuwa sinema ya Globe na kuteremka hadi Racecourse. Lakini Mnairobi ni mkaidi wa majina. Ewart Grogan alikuwa Mwingereza aliyepata sifa kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, aliyoikamilisha mwaka wa 1900, na baadaye akamiliki ardhi kubwa kando ya mto huu wakati ulipokuwa kinamasi kitupu. Alifariki mwaka wa 1967. Jina lake liliondolewa kwenye kibao, lakini midomoni lilikataa kuondoka. Jina la mkewe, Gertrude, nalo hutajwa kila siku na wazazi wa jiji hili bila kumfikiria mwenyewe, kwa sababu ndilo lililopewa hospitali ya watoto ambayo Grogan aliianzisha mwaka wa 1947 kwa ukumbusho wake.

Mimi sikwenda huko kutafuta historia. Nilikwenda Jumamosi moja, nikiandamana na binti yangu ambaye ni kitinda mimba, kwa sababu ya plastiki.

Hebu nieleze. Nyumbani tulikuwa na Probox nyeupe iliyotengenezwa mwaka wa 2007, ambayo tuliinunua mwaka wa 2014. Hilo lilikuwa gari la mama watoto kuliko langu. Ndilo lililokuwa likimpeleka Marikiti saa kumi za alfajiri kuchukua viazi na vitunguu, ndilo lililotupeleka mashambani kila Krismasi likiwa limeshona watu tisa, na ndilo lililombeba mama yangu mzazi mara ya mwisho alipokwenda hospitalini. Mwaka huu binti huyo alipata nafasi ya chuo kikuu. Tulipiga hesabu ya karo, ya malazi, ya vitabu na ya tarakilishi ambayo siku hizi mwanafunzi hawezi kuikosa. Tulipomaliza, tulitazamana kisha sote tukatazama dirishani, lilipoegeshwa gari.

Nilianza kwa kulipeleka kwa madalali. Bwana mmoja aliyevaa miwani ya jua alilizunguka mara moja tu, akapiga bampa ya mbele kwa kidole, akakitazama kidole hicho kama mtu aliyegusa uchafu. "Mzee, injini sina neno nayo," akasema, "lakini gari limezeeka usoni. Shilingi laki nne, na hapo nakuhurumia." Sisi tulikuwa tumekadiria karibu laki tano. Nilipouliza uso una ubaya gani, alinyoosha mkono: bampa, vioo vya kando, vishikio vya milango, ule ukanda unaokwenda ubavuni, na ile plastiki iliyo chini ya kioo cha mbele ambapo vifuta-mvua hulala. Vyote hivyo zamani vilikuwa vyeusi. Sasa vilikuwa na rangi ya majivu, vimepauka kama miguu ya mtoto aliyekwenda shule siku ya baridi bila kupakwa mafuta.

Kusema kweli nilikuwa nimeacha kuuona mpauko huo. Kitu kikizeeka pamoja nawe hukioni kikizeeka.

Walio na umri wangu watakumbuka kwamba magari ya zamani hayakuwa na shida hii. Peugeot 404, lile gari lililoshinda mashindano ya Safari Rally mwaka wa 1963 na kisha miaka mitatu mfululizo kuanzia 1966, lilikuwa na bampa za chuma zilizometameta hata ukaweza kujichana nywele mbele yake. Bampa hizo zilishika kutu, ndiyo, lakini kutu ni ugonjwa tunaoujua. Plastiki ilikuja kwa sababu ni nyepesi, ni rahisi, na ikigongwa kidogo hurudi ilivyokuwa. Leo hata matajiri huendesha plastiki, ila zao hupakwa rangi ya gari. Zile zilizoachwa bila rangi, nyeusi kama zilivyotoka kiwandani, ndizo za magari ya kazi, na ndizo zinazopigwa na jua zikiwa uchi.

Na jua la Nairobi si la mchezo. Watu hudanganywa na baridi ya Julai wakadhani tuko mahali pa jua pole. Jiji hili liko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo adhuhuri jua husimama utosini, na liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kila unapopanda mita 1,000, ile miale isiyoonekana inayounguza ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10, kwa kuwa hewa ya kuichuja imepungua. Egesha gari hapa miaka kumi bila kivuli, nawe utaona.

Kabla ya kufika kwa fundi tuliyeelekezwa, tulinaswa na kijana wa kuosha magari aliyekuwa na mkebe na tambara. Aliapa kwamba kwa shilingi mia tatu bampa zingekuwa "mpya kama za duka". Nikachungulia ndani ya mkebe. Ilikuwa oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, imechanganywa na dizeli.

Hapo moyo wangu uliruka, kwa maana oili hiyo na mimi tunafahamiana. Mwaka ule wa 2014, siku tulipolinunua gari hili kwenye uwanja mmoja wa kuuzia magari, bampa zake ziling'aa kama kiatu cha polisi wa gwaride. Mama watoto alizisifu. Wiki iliyofuata mvua ilitukuta barabarani, na tulipofika nyumbani mistari myeusi ilikuwa imetiririka kutoka kwenye vioo vya kando na ule ukanda wa ubavuni hadi chini, juu ya rangi nyeupe, kana kwamba gari lilikuwa limelia na wanja machoni. Asubuhi iliyofuata bampa ya mbele ilikuwa ya kijivu. Tulicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha mtu aliyekwisha kulipa.

Mbali na aibu hiyo, oili chafu ina taka za injini zinazoweza kuleta saratani zikikaa kwenye ngozi mara kwa mara, na kijana yule alikuwa akiipaka kwa mkono mtupu. Kinachobaki humwagwa mtaroni, na mtaro wa Grogan huishia mtoni. Nilimshukuru tukaenda zetu.

Fundi wetu wanamwita Guka, yaani babu kwa Kikuyu, ingawa nywele zake ndio kwanza zinaanza kuingia mvi. Hapo awali alikuwa na kibanda karibu na maji. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, Serikali ilipoamuru watu waondoke kando ya mito, alipandisha vyombo vyake hadi upande wa barabara, chini ya mabati matatu na turubai. Watu kama yeye wataalamu waligundua wana maana mwaka wa 1972, Shirika la Kazi Duniani lilipotoa ripoti juu ya Kenya na kuipa kazi yao jina la kitaalamu. Na mwaka wa 1992 Serikali ikatoa waraka mzima wa bunge kuhusu jua kali. Guka hajausoma. Anachojua ni kwamba mabati ni yale matatu.

Alilitazama gari letu, akamtazama binti yangu, akauliza anakwenda kusomea nini. Aliposikia ni kemia, akacheka hadi akashika kiuno. "Basi leo wewe ndiye fundi," akamwambia. "Mimi nitakaa kwenye kiti."

Na kweli alikaa. Jambo la kwanza, alimwonyesha bampa ya gari jingine iliyokuwa imelazwa chini, akamwambia aigeuze asome mgongoni. Palikuwa na herufi zilizochongwa ndani ya plastiki yenyewe: PP+EPDM-T20. Binti akazisoma mara mbili, halafu uso ukamchangamka kama mtu aliyekutana na rafiki wa shule mjini. PP, akatueleza, ni polipropilini, plastiki ile ile ya ndoo na ya viti vya sherehe. EPDM ni aina ya mpira, unaotiwa ili bampa isivunjike kama kigae. T20 ni ulanga, lile jiwe laini linalosagwa likawa poda ya watoto, asilimia 20 yake. Weusi nao ni masizi, masizi hasa, yaliyosagwa laini kuliko unga.

"Na masizi hayachujuki," Guka akasema. "Umewahi kuona sufuria ya kuni ikichujuka kwa jua? Sasa niambie, mjukuu wangu, huu weupe umetoka wapi?"

Alinyamaza. Mimi pia nilinyamaza, ila mimi sikuwa na la kusema. Guka akachukua kikombe cha maji akamwagia bampa yetu iliyopauka. Mara ile, pale maji yalipopita, ikawa nyeusi tititi. Maji yalipokauka, kijivu kikarudi polepole kutoka kandoni.

Jibu walilipata wawili hao kwa kusaidiana, nami nalieleza nilivyolielewa. Miale ya jua hukata minyororo ya plastiki pale juu. Tabaka hilo jembamba hupasuka nyufa ndogo mno zisizoonekana kwa macho, likawa kama vumbi la chaki lililoshikamana. Mwanga ukiangukia hapo hutawanyika kila upande, na mwanga uliotawanyika jicho letu huuita weupe. Chini ya vumbi hilo weusi uko pale pale. Ukimwaga kitu cha majimaji, hujaza zile nyufa na mwanga unapita hadi kwenye masizi. Ndiyo sababu lami huwa nyeusi zaidi ikinyeshewa. Ndiyo sababu pia kila mtu mjini ana dawa yake na kila dawa "inafanya kazi": mafuta ya kupikia, mafuta ya kujipaka, polishi ya viatu, hata siagi ya njugu. Zote ni kile kikombe cha maji, tofauti ni muda wa kukauka tu.

Guka ana hasira maalumu na yale majimaji ya kung'arisha yenye silikoni, yanayouzwa kwenye chupa za kupuliza. Hung'aa sana, huvuta vumbi, na mvua chache huyaondoa. Lakini kosa lake kubwa, kwa maoni yake, ni kwamba hubaki kwenye nyufa na siku mtu atakapotaka kupaka rangi hapo, rangi hujikunyata na kufanya vishimo kama macho ya samaki. "Yule anayepuliza hajui kwamba amemwekea fundi mwingine mtego," akasema.

Kuna njia ya moto. Jirani yake ana kile chombo cha umeme kinachopuliza hewa moto, umbo lake kama bastola, na tulimwona akikipitisha juu ya plastiki ya Nissan moja. Ni mazingaombwe kutazama: kijivu hukimbia mbele ya hewa, weusi hufuata nyuma, kwa sababu lile vumbi la juu linayeyuka na kuungana tena. Hakuna kinachopakwa. Lakini polipropilini huyeyuka kwenye nyuzijoto 160 hivi, na chombo kile kinaweza kupita 500. Ukisimama mahali pamoja kwa kutafakari tu, vile vijipunje vya ngozi ya bampa hulainika na kuacha doa linalong'aa ambalo hakuna atakayelirudisha. Kisha baada ya miezi jua hufanya kazi yake tena, nawe huwezi kuirudia njia hiyo milele kwa maana unakula tabaka lile lile. Kwa plastiki iliyopakwa rangi haifai kabisa.

Dawa ya Guka mwenyewe ilinishangaza. Alitoa kopo ambalo kila fundi wa samani analijua: mafuta ya mbegu za kitani yaliyochemshwa, yale ya kupaka mbao, yanayopatikana katika duka lolote la vifaa vya ujenzi. Sifa yake, binti yangu akadakia, ni kwamba hayakauki kwa kupotea hewani kama maji. Hunywa hewa yakageuka utando mgumu. Kwa hiyo hujaza nyufa na kukaa humo, miezi mingi, kutegemea gari linalala wapi. Siku hizi kuna dawa za kisasa za vichupa vidogo zinazokaa muda mrefu zaidi, na mwenye pesa anunue, lakini bei ya kichupa kimoja ni ya makopo kadhaa ya kitani.

Kazi yenyewe ni ya kuchosha na haina siri. Kuosha ndiko kazi. Binti alisugua kwa brashi ngumu na sabuni ya unga, akasuuza, akasugua tena, kwa maana mabaki ya nta na silikoni na vumbi yakibaki, mafuta hayaingii. Maji yaliyotoka yalikuwa kama uji. Plastiki ilipooshwa hivyo iliachwa juani hadi ikakauka kabisa, ikiwa mbaya kuliko ilivyokuja, nami nikaanza kuingiwa na wasiwasi. Kisha mafuta kidogo kwenye tambara, kupaka kama unayempaka mtoto mchanga, kungoja robo saa, kufuta yote yaliyozidi. Usipofuta hubaki yananata kama asali. Gari halioshwi siku mbili.

Na hapa Guka alisimama kutoka kwenye kiti kwa mara ya kwanza. Alimnyang'anya binti lile tambara lililotumika, akalichovya kwenye ndoo ya maji, akalitandaza juu ya jiwe. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto. Tambara lililokunjwa na kutupwa pembeni huhifadhi joto hilo mpaka linawaka lenyewe, bila kiberiti, pengine usiku watu wakiwa wamelala. Nawaomba wazazi mtakaojaribu dawa hii nyumbani msiruke aya hii. Tambara lilowekwe maji au litandazwe nje likauke, lisitupwe kwenye pipa la takataka.

Mpaka saa saba mbele kulikuwa kumekwisha. Vioo, vishikio, ukanda wa ubavuni, bampa, vyote vilikuwa vyeusi bila kung'aa, weusi wa heshima. Nilikuwa nimeanza kuhesabu laki tano zangu kichwani tulipofika nyuma.

Bampa ya nyuma ilikataa. Mafuta yalikaa juu yake kama maji kwenye jani la nduma. Guka akaitazama kwa karibu, akachukua tambara safi lenye tina, akapitisha mara mbili. Tambara likawa jeusi. Na chini ya weusi huo, msomaji mpenzi, ikatokea rangi ya fedha.

Hakusema kitu. Alitafuta bisibisi, akang'oa vifungo, na baada ya dakika kumi bampa ikawa chini. Nyuma yake, upande wa kushoto, bati lilikuwa na makunyanzi kama karatasi iliyokunjwa kisha ikanyooshwa kwa kiganja. Palikuwa na mishono ya kuchomelea na rangi nyeupe iliyopakwa kwa brashi, brashi ya nyumba. Gari letu liligongwa nyuma kabla hatujalijua, na likavishwa bampa ya gari jingine iliyopulizwa rangi nyeusi ili ifanane na ile ya mbele. Miaka yote hiyo mpauko ulikuwa umelificha jambo hilo, maana kijivu cha rangi iliyochakaa na kijivu cha plastiki iliyochoka havitofautiani ukiwa umesimama.

Niliwaza nilivyowapakia watoto huko nyuma. Guka alilala chini ya gari kwa muda, akagonga hapa na pale, akatazama matairi kama yameliwa sawasawa. Alipotoka alisema mihimili ya chini imenyooka, kwamba aliyelinyoosha alikuwa fundi mzuri aliyelipwa vibaya, na kwamba gari ni salama. Lakini mnunuzi akijua, bei itashuka.

Binti akaniuliza mbele yake, "Baba, tutamwambia?"

Nilijifanya nasikiliza simu. Guka akaanza kupiga msasa ile bampa, taratibu, akieleza pasipo kuulizwa kwamba plastiki hii haishikani na rangi kwa urahisi, ndiyo sababu lazima utangulize rangi ya msingi ya plastiki, la sivyo itabanduka kama ganda la kitunguu. Halafu, bado akipiga msasa, akasema, "Kuifanya iwe nyeusi ni kazi yangu. Hilo lingine si la gereji." Alinitoza shilingi elfu nne na mia tano kwa kazi yote.

Usiku huo jambo lilifika mezani. Mama watoto alisikiliza hadi mwisho, akaweka mwiko chini. "Sisi tulipolinunua," akauliza, "ni nani aliyetuambia?" Lilikuwa swali zuri, na mpaka leo sijapata jibu lake la kutosha. Alinikumbusha pia tarehe ya kulipa karo. Binti alikula kimya, akaosha vyombo, akaenda kulala mapema.

Mnunuzi alikuja Jumamosi iliyofuata, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Kitengela, akiwa na mdogo wake wa kiume. Alipitisha kiganja juu ya bampa ya mbele akasema, "Wazee wa Nairobi mnajua kutunza." Tulikuwa tumekubaliana laki nne na themanini. Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwake. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na taulo la jikoni, ananitazama mimi, hatazami gari.

Nilimwambia mwalimu asubiri kidogo, nikamwita mdogo wake nyuma, nikamwonyesha pa kuchungulia.

Walinong'onezana kwa muda ulioonekana kwangu kama mhula mzima. Mwalimu akataka nipunguze elfu arobaini. Tukavutana, tukakubaliana ishirini na tano. Hiyo ilikuwa bado elfu hamsini na tano zaidi ya alizonipa yule bwana wa miwani, lakini tarakilishi ilibidi ingoje hadi muhula wa pili, na mama watoto alinitengea chakula bila mazungumzo kwa siku mbili. Binti anatumia ya maktaba. Analalamika kuhusu foleni.

Walipokuwa wanaondoka mvua ilianza, ile mvua ya ghafla ya alasiri yenye matone makubwa. Mwalimu alisimamisha gari getini ili mlinzi afungue, na maji yakawa yanateremka kwenye vioo vya kando na kwenye bampa. Nilitoka na mwavuli nikajifanya naaga, lakini nilikuwa natazama chini. Maji yaliyodondoka kwenye saruji yalikuwa maji tu.